Schokland: kisiwa cha Uholanzi kilichobaki kwenye mashamba ya viazi, na kwanini stori yake inachanganya watu

Fungua ramani kwenye simu utafute Schokland, Uholanzi. Utaona kamstari ka kijani, kembamba kama kamba ya kiatu, kamelala katikati ya mashamba yaliyonyooka utadhani mtu kayakata kwa rula, viazi huku, vitunguu kule, ngano, tulipu. Alafu ukisogea karibu upande wa kaskazini wa hako kamstari unakuta bandari. Bandari kabisa, na gati lake, na nyumba ya mlinzi wa mnara wa taa. Bahari iko wapi? Haipo. Pande zote ni matrekta tu.

Watu wengi wakisoma habari za hiki kisiwa wanatoka wamechanganyikiwa, na siwalaumu, maana wanapewa mambo matatu ambayo ukiyaweka pamoja hayakai: eti kilikuwa kisiwa, eti watu wake walihamishwa kwasababu ya maji, eti siku hizi serikali inahangaika kukirudishia maji. Juu ya hapo unaambiwa kijiji kilichokufa kinaitwa Emmeloord, wewe unaandika Emmeloord kwenye ramani unapata mji mzima una supamaketi na stendi ya mabasi. Sasa kilikufa au hakikufa? Ngoja tufungue fundo taratibu, na tutaanzia chini kwenye udongo, kwasababu kesi yote iko kwenye udongo.

Schokland haikuanza kama kisiwa. Ilikuwa bara kama bara lingine. Zamani sana, enzi za barafu, barafu kubwa ilishuka kutoka Skandinavia ikisukuma mawe na udongo mgumu wa mfinyanzi, na hayo mawe mpaka leo yapo, kuna bustani pale kwenye msitu wa pembeni wameyapanga uyaone, mawe yametembea safari ndefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi hapo. Baadae barafu ikaisha, watu wakaja. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta hapo jirani makazi na makaburi na hata alama za jembe kwenye mchanga, na ya zamani kabisa yamepita miaka 6000. Kwahiyo ukisikia Schokland inaitwa "kijiji cha wavuvi", hicho ni kipande kidogo cha mwisho tu cha stori.

Alafu maji yakaanza kupanda na hapo ndipo ikaja ile kitu Waholanzi wanaita veen. Kiswahili hatuna neno lililozoeleka kwa hiyo kitu kwahiyo nitaieleza tu: ni matete na mimea ya kinamasi inayokufa ndani ya maji, na kwavile chini ya maji hakuna hewa, haiozi ikaisha, inabaki nusunusu, inalaliana mwaka juu ya mwaka, karne juu ya karne, mpaka unapata ardhi nyeusi nene inayobonyea kama sponji. Na kweli ni sponji, maana sehemu kubwa ya hiyo ardhi ni maji. Ikibaki imelowa inakaa vizuri tu hata miaka elfu kadhaa. Ukiikausha mambo mawili yanatokea kwa mpigo, kwanza inasinyaa kwasababu maji yaliyokuwa yanaibeba yametoka, pili hewa inaingia na ile mimea inaanza kuoza ile kazi iliyokuwa haijamalizika, inageuka gesi inapaa. Yaani ardhi inapotea hewani, ki-kweli kweli. Hilo liweke kichwani.

Sasa enzi za kati wakulima waliingia kwenye hiyo veen, na mkulima akitaka kulima kinamasi anafanya nini, anachimba mitaro maji yatoke. Wakachimba. Miaka ya mwanzo mambo safi, mazao yapo, alafu shamba linaanza kushuka, unachimba mtaro zaidi, linashuka tena. Na pale katikati ya Uholanzi palikuwa na ziwa, Almere, ambalo lilikuwa linakula kingo zake polepole. Zikaja dhoruba, ile ya 1170, ile ya Desemba 1287, bahari ya kaskazini ikavunja njia na lile ziwa likageuka ghuba kubwa ya maji chumvi, Zuiderzee, maana yake bahari ya kusini. Kufikia karne ya 15 Schokland ilikuwa imeshakatwa, imebaki peke yake majini. Watu wanapenda kusema "bahari iliwachukulia ardhi", sawa, ila bahari ilikuta kazi ya kushusha ile ardhi wakulima wenyewe walishaianza.

Hapo kuna kitu wengi hawakigusi. Jirani yake kulikuwa na kisiwa kingine, Urk. Ghuba ileile, dhoruba zilezile, uvuvi uleule. Urk leo ina watu zaidi ya 20,000 na ni moja ya sehemu kubwa za biashara ya samaki Uholanzi nzima. Schokland ni makumbusho. Kwanini? Urk imekaa juu ya kilima cha ule udongo mgumu ulioachwa na barafu. Schokland imekaa juu ya sponji. Mimi naona ukishaelewa hilo tu umeshaelewa nusu ya historia ya hawa watu, mengine yote wafalme na sheria ni nyongeza.

Maisha ya kisiwani sasa. Kwasababu ardhi inashuka na maji yanapanda, watu walijenga juu ya vilima vya kutengeneza kwa mikono, udongo na samadi na takataka vinarundikwa mpaka unapata kitu cha kuinua nyumba. Vilima vilikuwa vingi zamani, ila miaka inavyoenda watu wakajikusanya kwenye vitatu: Emmeloord kaskazini, Middelbuurt (au Molenbuurt) katikati, na Zuidert kusini. Hivi viwili vya kusini kwa pamoja viliitwa Ens. Emmeloord walikuwa Wakatoliki, Ens wengi wao Waprotestanti, na kisiwa chenyewe kwenye karne ya 19 kilikuwa na urefu wa kama kilomita 4 na upana wa mita mia kadhaa tu, yaani unaweza kusimama upande mmoja ukamsikia mtu wa upande wa pili akikohoa, alafu wamegawana mpaka utawala. Ens ilikuwa chini ya Overijssel, mkoa wa bara ng'ambo ya maji, huku Emmeloord ilikuwa chini ya mabwana wake mpaka mwaka 1660 mji wa Amsterdam ukainunua pamoja na Urk. Ndio, mji umenunua kisiwa. Meli zake zilikuwa zinapita kwenye ile ghuba na Amsterdam ilitaka taa na alama za meli zisimamiwe na mtu inayemwamini. Ni enzi Wafaransa wanaitawala Uholanzi tu, mwanzoni mwa karne ya 19, ndipo pande mbili zikaunganishwa ikawa manispaa moja inaitwa Schokland.

Kati ya kilima na kilima ardhi ilikuwa inafunikwa na maji mara kwa mara kwahiyo njia ilikuwa ya mbao, nyembamba, na inasimuliwa kwamba watu wawili wakikutana hapo katikati ilibidi washikane viunoni wazungushane kama wanacheza dansi ndo kila mmoja aendelee na safari yake. Mkatoliki wa Emmeloord na Mprotestanti wa Ens wamekumbatiana juu ya ubao kwa lazima, hiyo picha naipenda.

Zamani walikuwa wafugaji na wakulima, lakini malisho yalipozidi kuliwa na maji wakabaki na uvuvi tu. Na umaskini. Umaskini wa kweli, wa kutegemea misaada.

Tuje kwenye ukuta wa bahari, maana hapa ndo pesa zilikuwa zinaenda. Kisiwa kilizungushiwa magogo yaliyopigwa chini kwenye maji, mistari na mistari. Kwenye miaka ya 1730 Uholanzi nzima ikapata balaa la mnyoo wa mbao, yule mdudu wa baharini anayetoboa gogo kutoka ndani, nje unaona zima kumbe ndani ni matundu matupu. Wenzetu wa pwani wanaopaka deheni chini ya jahazi wanamjua huyu kiumbe vizuri kabisa. Magogo ya ukuta hayakuwa na deheni, yakaanza kukatika kama vijiti, ikabidi waingie gharama za kuweka mawe. Na swali la kujiuliza ni kwanini serikali ilikubali kulipa miaka yote hiyo kwa ajili ya watu mia kadhaa. Jibu ni kwamba haikuwa inalipa kwa ajili ya watu. Schokland ilikuwa imekaa mbele ya pwani ya Overijssel kama kizingiti, inavunja mawimbi kabla hayajafika bara, na meli zikikutwa na upepo mbaya zinajificha nyuma yake. Shika hiyo pia, itatusaidia kwenye 1859.

Februari 1825 ikaja dhoruba mbaya. Kati ya tarehe 3 na 5 maji yalipita juu ya ukuta, nyumba zikaondoka, watu 13 wakafa pale kisiwani, na huko bara Overijssel walikufa zaidi ya 300. Ukuta ukajengwa tena, wakajenga na kanisa jipya Middelbuurt mwaka 1834 (lipo mpaka leo, ndo hilo kwenye picha zote), Wakatoliki nao wakapata lao Emmeloord 1842, ukiangalia kwa haraka unasema kisiwa kinafufuka. Hakikufufuka. Uvuvi ulikuwa mbovu, nyumba za mbao zinaoza, kila mwaka serikali inatoa hela ya ukuta na hela ya maskini, mpaka ikafika mahali kule The Hague, makao ya serikali, wakapiga hesabu.

Sheria ikapitishwa Desemba 1858, enzi za mfalme Willem III, na kiangazi cha 1859 watu kama 650 wakatakiwa kuondoka. Tarehe 10 Julai manispaa ya Schokland ikafutwa, meya wa mwisho alikuwa Gerrit Jan Gillot. Utaratibu wa fidia ulikuwa hivi: unalipwa, lakini nyumba unaibomoa wewe mwenyewe. Ndio maana hakuna kijiji cha magofu pale, watu waliondoka na mbao zao na milango yao kwenye mashua. Wengi walienda miji ya bara, Vollenhove na Kampen (huko Kampen kwenye mtaa wa Brunnepe), na Wakatoliki wengine wakaenda Volendam kuendelea kuvua. Hata kanisa la Emmeloord lilibomolewa likaenda kujengwa upya Ommen, bara huko.

Na hapa ndo kosa kubwa kwenye maelezo mengi: utasoma "kisiwa kilitelekezwa kikaachwa kwa bahari". Sio kweli. Walioondolewa ni watu, kisiwa kilibaki kazini. Ukuta uliendelea kukarabatiwa, mlinzi wa taa alibaki na familia yake, msimamizi wa bandari alibaki, bandari ya Emmeloord iliendelea kupokea mashua zinazokimbia dhoruba, baadae wakaweka na king'ora cha kupigia meli wakati wa ukungu. Serikali ilitaka kile kizingiti chake, haikutaka wale maskini waliokaa juu yake. Ukilisema kwa lugha ya kistaarabu utasema "sababu za usalama", na usalama ulikuwepo kweli, siwezi kubisha na watu 13 waliokufa, lakini hesabu ilikuwepo pia.

Sasa bahari ilienda wapi? Januari 1916 Zuiderzee ilifurika tena vibaya, na kulikuwa na injinia na mwanasiasa, Cornelis Lely, ambae kwa miaka mingi alikuwa na mpango wake mezani wa kuifunga hiyo ghuba yote. Mafuriko yale pamoja na njaa ya wakati wa vita ya kwanza yakawafanya watu wamsikilize, sheria ikapita 1918, na tarehe 28 Mei 1932 wakamaliza kufunga tuta la Afsluitdijk, kilomita 32 katikati ya maji. Zuiderzee ikafa, maji chumvi yakageuka polepole kuwa ziwa la maji baridi, IJsselmeer. Alafu ndani ya hilo ziwa wakaanza kuzungushia tuta vipande vipande na kuvikausha, na kila kipande kinaitwa polda. Polda sio kufukia bahari kwa udongo kama wengi wanavyodhani, hakuna kifusi hapo, unazungusha tuta, unaweka pampu, unatoa maji, unabaki na sakafu ya bahari ambayo iko chini kuliko maji yaliyoko nje. Pampu zikizimwa siku nyingi maji yanarudi kwao, ndo maana hazizimwi.

Kipande cha Noordoostpolder kilipitia palepale palipo na Urk na Schokland. Urk iliunganishwa na tuta 1939 (waliwahi kulalamika sana, wavuvi kugeuzwa wakulima sio mchezo, na mpaka leo hawajakubali, wanavua bahari ya kaskazini), tuta zima likafungwa Desemba 1940, pampu zikapiga kazi, na tarehe 9 Septemba 1942 ikatangazwa rasmi kwamba ni kavu. Angalia hizo tarehe, Wajerumani walikuwa wameshaikalia Uholanzi. Kwavile polda ilihitaji vibarua na ilikuwa matope na matete mtu hawezi kukufata, vijana wengi waliokuwa wanakimbia kupelekwa kazi za lazima Ujerumani walijificha humo, mpaka watu wakatania kwamba herufi NOP za jina la polda zina maana ya peponi kwa wanaojificha.

Na Schokland? Siku moja ilikuwa kisiwa, miaka miwili baadae ni kilima kirefu kwenye tope. Hakuna mtu aliyeihamisha, bahari ndo iliyohama.

Suala la majina sasa, fupi. Wapangaji wa polda walichora mji mkuu katikati na vijiji 10 kuuzunguka kwa umbali wa kuendesha baiskeli, wakahitaji majina, wakachukua ya marehemu. Mji wa katikati wakauita Emmeloord, nyumba za kwanza 1943. Kijiji kimoja Ens. Kingine Nagele, jina la sehemu iliyozama enzi za kati. Kwahiyo Emmeloord ya supamaketi haina uhusiano wa damu na Emmeloord ya bandari, ni sawa na mtoto kupewa jina la babu asiyemjua. Wazao halisi wa Waschokland ukiwataka watafute Kampen na Vollenhove na Volendam, na wana chama chao tangu 1985, wanakusanya nasaba za zile familia.

Kukauka kwa polda kulileta na zawadi. Plau zilianza kuibua mabaki ya meli, maana ghuba ile ilizamisha vyombo kwa karne nyingi, na kwenye mkoa wa Flevoland wote yamepatikana zaidi ya 400, yaani mkulima anapanda viazi anakutana na mbavu za meli. Mifupa ya wanyama wa enzi za barafu pia, vyungu, makaburi. Kanisa la Middelbuurt likafanywa makumbusho 1947, na mwaka 1995 UNESCO wakaiweka Schokland kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ya kwanza Uholanzi, kabla ya vile vinu vya upepo vya Kinderdijk ambavyo kila mtu anavijua.

Turudi kwenye sponji, si nilikuambia uiweke kichwani. Polda ni kavu kwa makusudi, mkulima anataka maji ya chini yashuke mizizi ya viazi ipumue. Lakini Schokland imekaa katikati ya hiyo polda na chini yake bado kuna ile veen. Ikawa ile hadithi ya wakulima wa enzi za kati inajirudia, veen inakauka, inasinyaa, inaoza, na kisiwa ambacho ukitembelea leo bado unakiona kimeinuka juu ya mashamba kinashuka kidogo kidogo, na kibaya zaidi vitu vya kale vya mbao na mifupa vilivyokaa salama miaka maelfu kwavile hewa haikuvifikia navyo vinaanza kuoza. Kama isingefanyika kitu, wangebaki na Urithi wa Dunia uliolala sawa na shamba la jirani.

Kwahiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakatenga ukanda wa ardhi ubavuni mwa kisiwa ambao haulimwi kwa kawaida, mitaro yake imezibwa na maji yanaachwa yapande mpaka karibu na uso wa ardhi ili veen ya upande ule ibaki imelowa. Hapo hupandi viazi, ni majani na matope na ndege wa majini tu. Bila shaka kuna kuvutana, maana maji hayana adabu ya mipaka, ukiyapandisha huku na shamba la jirani linalowa, na lile shamba la jirani serikali ileile ndo iliyolikausha ili lilimwe. Usije ukadhani pia kwamba ule ukanda umemaliza kazi, veen iliyooza haioti tena kwa kuiwekea maji, wanachonunua ni muda.

Ukifika pale, nenda mpaka mwisho wa kaskazini kwenye bandari ya zamani. Magogo ya gati yamesimama wima kwenye nyasi, na ukipanda juu ya ukuta wa bahari ukaangalia chini, upande ule ambao mashua zilikuwa zinakuja zikikimbia upepo, utaona trekta linageuza mwisho wa mstari linarudi.